Mkupuo ni Miezi Mia: Kisa cha Mwalimu Mmoja wa Mbeya

Januari 2024, mwalimu mmoja wa sekondari jijini Mbeya alikuwa amebakiza mwaka na nusu kufikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Aliajiriwa Julai 1991, na angetoka Juni 2025 akiwa na miezi 408 kazini. Alikuja na mkewe na daftari kubwa la kaunta, akaomba tukague mpango wake kabla hajaanza kumwita fundi. Nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike, lakini hesabu ni zile zile, na zinawahusu walimu, wauguzi na maofisa wengi wa daraja la kati kuanzia Makambako hadi Tunduma.

Wana nyumba Isyesye, imekamilika isipokuwa paa la upande mmoja na tenki la maji. Mama ana miaka 51, anauza mchele na maharage soko la Mwanjelwa. Watoto watatu: wa kwanza ameolewa Tunduma, wa pili kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi ya kueleweka, wa mwisho ndiyo kwanza ameingia mwaka wa kwanza Dodoma.

Ndani ya daftari kulikuwa na shilingi milioni 110 za mkupuo, yaani fedha anayolipwa mstaafu kwa pamoja anapotoka kazini, zilizokwisha kugawanywa. Hosteli ya vyumba vinane Iyunga, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, milioni 65. Shamba la parachichi Kiwira, milioni 20. Bajaji ya kijana, milioni 10. Deni la SACCOS, milioni 9. Milioni 6 zilizobaki zilikuwa za sherehe ya kuagwa na mambo madogo madogo. Mpango ulikuwa nadhifu, umeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Nikamuuliza hizo milioni 110 zimetoka wapi.

Zilitoka kwa rafiki yake aliyestaafu 2016. Rafiki alimpa kanuni iliyotumika kwake, naye akaingiza mshahara wake wa sasa wa 1,560,000. Kanuni ile ya zamani ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati ule, ilikuwa kweli kwa wakati wake: miezi ya kazi ikigawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, nusu yake ikazidishwa kwa 15.5. Ukikokotoa unapata milioni 109 na laki sita. Mwalimu hakukosea hesabu hata kidogo. Alichokosea ni kudhani sheria ilisimama mahali ilipokuwa rafiki yake alipoondoka.

Sheria haikusimama. Agosti 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichokuja na muungano huo kilizua malalamiko makubwa, na Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli akaamuru kanuni za zamani ziendelee kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 kikaanza kikokotoo kimoja kwa mifuko yote: kigawanyo 580 badala ya 540, kizidisho 12.5 badala ya 15.5, mkupuo asilimia 33, na kilichobaki kikalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mshahara unaotumika nao si wa mwisho tena, ni wastani wa miaka mitatu iliyokuwa mizuri zaidi katika kumi ya mwisho. Kwa mwalimu huyu wastani huo ulikuwa 1,500,000 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka.

Tukakokotoa upya pale pale. Miezi 408 kwa 580, mara milioni 18, inatoa pensheni ya mwaka ya 12,662,000. Asilimia 33 yake mara 12.5 ni milioni 52 na laki mbili. Pensheni ya mwezi: 707,000 hivi.

Mama ndiye aliyevunja ukimya. "Baba, kwa hiyo hosteli tunajenga ukuta mmoja?"

Kosa la kutegemea kikokotoo cha waliotangulia linaweza kuonekana kama la wasiosoma. Nimeliona kwa watu wenye shahada mbili. Sababu yake ni kwamba mstaafu aliyefanikiwa mtaani ndiye chuo chetu cha kustaafu. Tunamwona ana nyumba mbili mtaa wa Forest na fuso linapeleka viazi Dar es Salaam, tunamuuliza alifanyaje, anatueleza kwa moyo safi. Hawezi kutueleza kwamba alitoka kabla ya mlango kubadilishwa.

Miezi mitano baadaye mambo yakageuka tena. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu, na mwalimu yumo kwenye kundi hilo. (Waliokuwa zamani wakipata asilimia 25 walipandishwa kutoka 33 hadi 35.) Alinipigia simu usiku ule ule, furaha tupu. Mkupuo wake sasa ungekuwa milioni 63 na laki tatu. Nyongeza ya milioni 11!

Naomba msomaji akae hapa na mimi, kwa sababu hapa ndipo wengi hawatazami upande wa pili wa karatasi. Fungu ni lile lile la 12,662,000 kwa mwaka. Ukichukua asilimia 40 mbele, zinabaki 60 za kila mwezi badala ya 67. Pensheni ya mwezi ikashuka kutoka 707,000 hadi 633,000. Kwa milioni 11 za leo anatoa karibu 74,000 kila mwezi maisha yake yote, na ukigawanya utaona nyongeza ile inakwisha baada ya miezi 150, miaka 12 na nusu. Akiishi miaka 80, kama babake, atakuwa amelipa kuliko alichopokea, isipokuwa kama milioni zile 11 zimefanya kazi mahali. Mstaafu haulizwi achague. Kanuni ni moja. Lakini akijua kwamba nyongeza ile imetoka kwenye pensheni yake mwenyewe, hataitumia kama zawadi.

Kwa kanuni hii ya asilimia 40 kuna jambo jepesi kukumbuka: mkupuo ni sawa na pensheni ya miezi 100 kamili. Gawa milioni 63.3 kwa 633,000 uone. Miaka minane na miezi minne. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipobadilika, kwa sababu hadi wakati ule daftari zima lilikuwa linapanga siku moja, siku fedha inapoingia benki. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja wa mwezi wa kawaida, tuseme Machi 2031.

Tukaanza kuandika mwezi wa kawaida. Kwanza nilitaka kujua kinachofika nyumbani sasa. Watu hulinganisha pensheni na mshahara ghafi na kukata tamaa bure. Kwenye 1,560,000 yake, PSSSF inakata asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kodi ya PAYE 272,600. Inabaki 1,131,000. Benki ilikuwa ikikata mkopo wa 340,000. Kwa hiyo mwalimu huyu alikuwa amezoea kuishi kwa 791,000, na mkopo ungekwisha mwezi wa mwisho wa kazi. Pensheni ya 633,000 inamshusha kwa 158,000. Inauma, lakini si ile shimo ya laki tisa aliyokuwa akiiona usiku.

Kisha matumizi. Chakula, umeme, maji, gesi na mkaa, simu, nauli na matumizi ya binti wa Dodoma, bahasha za kanisani, michango. Jumla 1,150,000. Mama alikuwa akiweka nyumbani 350,000 kwa wastani kutoka Mwanjelwa. Pensheni na biashara pamoja ni 983,000. Pengo: 167,000 kwa mwezi, milioni 2 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba pekee ambayo mkupuo ulikuwa na wajibu wa kuijibu.

Mstari wa michango tulibishana sana. Mwalimu aliandika 60,000, akisema akistaafu itapungua. Mimi nasema itapanda. Kwao ni Rungwe, na mzee anayerudi ukooni akiwa na pensheni hachangii msiba kama mgeni anayepita na kurudi kazini. Anakaa siku zote, anatoa mahindi, anachangia ng'ombe, anasafirisha watu. Hana tena ile sababu ya "nimebanwa na ratiba ya mitihani". Hili ni jema, ni utu wetu, na sitamshauri mtu yeyote ajitenge nalo. Ila ni gharama ya kila mwezi, iandikwe kwa ukubwa wake. Tukaandika 110,000, imo ndani ya ile 1,150,000.

Hapo hapo likaibuka suala la kuhamia Tukuyu. Alikuwa anatamani sana kurudi: ndizi, maziwa, kaburi la mama yake. Mwalimu ana shinikizo la damu, na mama sukari inaanza kupanda. Kliniki zao ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya mjini. Kutoka Tukuyu ni kilomita kama 70, na mvua za huko hazina urafiki na mgonjwa aliye njiani. Bima ya mstaafu inamfuata yeye na mwenza wake, kwa hiyo matibabu yapo, ila umbali nao ni matibabu. Zaidi ya hayo, biashara ya mama iko Mwanjelwa. Kuhama kungeua 350,000 ili kuokoa pengine 100,000 za matumizi ya mjini. Waliamua wabaki Isyesye, aende Kiwira kila mwezi kwa siku chache.

Sasa hosteli. Kwa makadirio yake mwenyewe, vyumba vinane kwa 60,000 vingeingiza 480,000 kwa mwezi. Nikamwomba akumbuke kwamba mwanafunzi akifunga chuo anafunga na kulipa. Miezi tisa ya malipo ni 4,320,000. Toa ukarabati, maji, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, chumba kimoja kukosa mtu muhula mzima. Zinabaki kama milioni 3.6 kwa mwaka, kwa mtaji wa milioni 65 alizokuwa hana. Milioni 3.6 hiyo hiyo unaipata kwa kuweka milioni 30 kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ukichukua asilimia 12. Nilichukua 12 kwa makusudi, chini ya kuponi nyingi, yaani viwango vya riba, za hatifungani za miaka 20 na 25 za miaka ya karibuni. Riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita na haikatwi kodi ya zuio. Kiwango cha kuanzia ni shilingi milioni moja, na Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mbeya la kwenda kuuliza kabla ya kumsikiliza mtu wa mtaani.

Nyumba ina faida zake na nilimwambia. Kodi ya pango hupanda na maisha, kiwanja hupanda thamani, wakati milioni 30 za hatifungani zitarudi zikiwa milioni 30 zile zile, zimechoka. Mtu mwenye miaka 45 na mshahara, anayejenga chumba kimoja kimoja, ningempa mkono. Hatari ya mwalimu ilikuwa kuanza ujenzi akiwa na miaka 60, kwa fedha ambayo haitoshi kumaliza, bila mshahara wa kuendeleza. Ukitembea Iyunga, Nsalaga na Uyole utaona maboma yaliyoota majani hadi kwenye lenta. Si yote ni ya wastaafu. Mengi ni ya wastaafu.

Parachichi nalo nililiheshimu, kwa sababu Rungwe na Njombe zimejengwa upya na zao hilo. Lakini mche wa Hass uliopandikizwa huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu, na mavuno ya kueleweka ni kuanzia wa tano. Katikati kuna palizi, mbolea, dawa, mlinzi, na bei inayopanda na kushuka bila kumuuliza mkulima. Shemeji yake wa Mafinga alikuwa akimshawishi kwenye misindano, inayotaka miaka 15 na zaidi hadi mbao nzuri, na moto mmoja wa Oktoba unatosha kuifuta. Ekari moja kwenye ardhi ya ukoo, ambayo hainunuliwi, ilikuwa saizi yake.

Jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote halikuwa kwenye daftari kabisa. Nilimuuliza mwalimu: ukitangulia wewe, mama anapata nini? Akajibu, "Si pensheni yangu?"

Hapana. Mstaafu wa PSSSF akifariki, wategemezi hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, na pensheni inaishia hapo. Kwa kisa hiki ni milioni 22 na laki nane, zigawanywe kwa wategemezi. Mama ni mdogo kwa mwalimu kwa miaka saba hivi. Akiishi hadi 80, mpango huu ulipaswa kubeba karibu miaka 30 ya mtu ambaye hajawahi kuchangia mfuko wowote, ilhali biashara yake ndiyo iliyosomesha watoto mshahara ulipokuwa umekatwa na benki. Alikuwa amekaa pale pembeni ya meza akimenya karanga, na mpango mzima ulikuwa wa milioni 110 bila shilingi moja yenye jina lake. Mwalimu ni mume mwema, anampenda. Hakuwa amefikiria. Nadhani ndiyo hali ya nyumba nyingi, na ndiyo maana nimeandika kisa hiki.

Mwaka ule uliobaki tukautumia kwa kazi zisizovutia. Alichukua taarifa ya michango yake akakuta miezi 14 haionekani, ya kipindi alichohamishwa kati ya halmashauri mbili. Kwa kikokotoo hiki, miezi 14 ni zaidi ya milioni 2.1 za mkupuo na karibu 22,000 kila mwezi. Bahati alikuwa ametunza salari slipu za wakati ule kwenye sanduku la bati, na ikarekebishwa, ila ilichukua miezi saba. Jina la kati kwenye barua ya ajira ya kwanza lilitofautiana herufi moja na kitambulisho cha NIDA. Hilo nalo likahitaji hati ya kiapo. Haya yakigundulika baada ya kustaafu, unayafuatilia bila mshahara. Walianza pia kuishi kwa bajeti ya pensheni miezi sita kabla, wakiweka tofauti kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja, ili wawe na cha kula kati ya mshahara wa mwisho na mkupuo.

Fedha iliingia. Siku hizo hizo simu nazo zikaanza: mmoja alijitambulisha kama ofisa wa mfuko, anataka laki tatu "kuharakisha nyongeza". Mwalimu alikata. Mwingine, jirani wa miaka mingi, alimletea kikundi cha kuweka fedha na kurudishiwa maradufu; mwalimu anakumbuka upatu wa DECI wa 2009 na alijua ushirika wa namna ile unaishia wapi.

Milioni 9 zikalipa SACCOS siku ya kwanza, kwa sababu mkopo ule ulikuwa wa asilimia 18 na hakuna hatifungani inayoshinda hapo. Milioni 30 zikaenda hatifungani, nusu kwa jina la mama. Milioni 8 zikawa mtaji wake: ananunua mchele wa Kyela na Mbarali baada ya mavuno, anauhifadhi, anauza kuanzia Desemba bei ikipanda, badala ya kukopa kwa watu wa kausha damu kama alivyokuwa akifanya kila msimu. Milioni 5 za akiba ya dharura, milioni 4 za paa na tenki, milioni 2.5 za ekari ya parachichi. Hatifungani inaziba lile pengo la milioni 2 kwa mwaka na kubakiza milioni 1.6, ambayo tulikubaliana isiliwe, irudishwe kununua nyingine. Sababu ni mfumuko wa bei: hata ukiwa asilimia 3 tu, 633,000 ya leo itanunua vitu vya 350,000 baada ya miaka 20.

Zilibaki milioni 4.8. Nilishauri zimalizie chuo cha binti. Mwalimu alinunua bajaji iliyotumika kwa ajili ya kijana, kwa kuwa alikwisha kumwahidi, na mzazi aliyeahidi ameahidi. Bado naona ingekuwa bora kijana akope kwa jina lake na baba awe mdhamini wa sehemu, kwa sababu chombo cha bure hakitengenezwi kwa wakati. Binti ana mkopo wa Bodi unaobeba sehemu ya ada, na sehemu inayobaki inatoka kwa mama.

Kiwanja cha Iyunga kipo, hakijaguswa. Kijana wa jirani amepanda mahindi. Mama amechukua fomu za mpango wa NSSF wa waliojiajiri. Mara ya mwisho tulipoongea hakuwa amezirudisha, akisubiri kuona msimu wa mchele utaacha kiasi gani, na mwalimu ndiye anayemkumbusha.